Njia Fupi ya Kwenda Darajani

Walionifunza ualimu walinihakikishia kwamba jometri haina ubishi. Nawashukuru. Laiti wangeniambia pia kwamba hawajawahi kupita Mji Mkongwe kwa miguu.

Nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la tatu, nikimsubiri mkaguzi aje kutazama somo langu, aamue kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani kumsaidia mama kukaanga bajia. Nikachagua somo rahisi. Nikachora ubaoni skuli yetu na soko la Darajani, katikati nikatia vichochoro viwili wanavyovijua wote: kimoja kimenyooka, kingine kinapindapinda nyuma ya majumba. Njia ipi fupi?

"Iliyopinda," likajibu darasa zima.

Nikavuta pumzi kama tulivyofunzwa chuoni, nikawapa uzi wapime. Wakapima vizuri kabisa, wakaona uzi wa njia iliyonyooka ndio mfupi, kisha wakasema tena iliyopinda.

Msichana mmoja wa mbele, ambaye miguu yake ilikuwa bado haifiki sakafuni, akanihurumia. "Kile kichochoro kilichonyooka, mwalimu, kuna bibi anakaa barazani. Lazima umwamkie. Ukishamwamkia anakutuma dukani. Ukirudi, na jirani yake anakutuma. Mie nshaacha kupita."

Nikamwambia hesabu haina bibi. Jibu zuri sana, nililipenda mwenyewe. Kisha nikawakaririsha kila asubuhi kwamba mstari ulionyooka ndio njia fupi baina ya nukta mbili. Ndiko kufundisha kutatua matatizo huko: mtoto anakuja na jibu, mwalimu anamwondolea.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi alichelewa mpaka mapumziko yakakaribia. Aliingia akitota jasho, mkononi ana kikapu cha ndimu, akakiweka juu ya meza yangu bila ya maelezo. Niliogopa. Nikauliza swali langu, watoto wakaimba jibu nililowalisha, nami nikatabasamu kama mtu aliyefanya kazi.

Mkaguzi akamgeukia yule msichana. "Na mimi nikirudi Darajani, nipite wapi nifike upesi?"

Msichana akanitazama mimi kwanza. Akisema kweli, ataniumbua mbele ya mtu aliyeishika kazi yangu mkononi. Akisema nilivyomfunza, atakuwa amesema uongo kwa ajili yangu, na macho yake yalionyesha kwamba yuko tayari. Hilo sikuliweza. Nikamwitikia kwa kichwa, aseme.

"Pita kule kunakopinda. Kwengine bibi atakutuma tena."

Mkaguzi akakitazama kikapu. Akacheka kidogo, akasema ameagizwa akifikishe nyumba ya nyuma ya skuli, na kwamba kabla ya hapo alishatumwa sukari.

Somo lilipokwisha akaniita pembeni. "Nitakuthibitisha," akasema. "Watoto wako wanajua kufikiri. Sijui wamefundishwa na nani."

Kisha akanikabidhi kile kikapu nikakifikishe mimi, kwani yeye ana haraka.