Msimamo wa Jumamosi, Kagugu

Mtunza alama wa mchezo wa bunduki za plastiki, pale Kagugu, hukandamiza chaki ubaoni mpaka ikatike. Kabla ya kila mchezo hufoka yale yale: “Ukipigwa, inua mkono utoke! Risasi hizi hazina rangi, shahidi ni roho yako.” Jumamosi hii Benon, kinara wa msimamo, alitoka vichakani mchezo ulipokwisha, akitabasamu bila kuwa ameinua mkono, shingoni kavimba duara jekundu.

“Na hiyo?”

“Hii? Iko mbu tu, boss.”

Mbu, na jua la utosi hili! Mtunza alama akalifuta jina la Benon kwa kiganja, na pale pale kileleni, chaki ikilia hadi wachezaji wakaziba masikio, akaandika: MBU.