Gobole la Baba na Kipimo cha Mwanzi

Baba alipofariki aliacha shamba la mahindi upande wa Rudewa, na gobole lenye kibali la kufukuzia nguruwe pori. Nilikuwa nikilima naye shamba lile tangu nimalize shule. Siku ya kuondoa matanga, baba mdogo alinivuta pembeni.

"Mwanangu, silaha haikai kwa mwanamke."

"Nguruwe hawaulizi shamba ni la nani, baba. Nitaomba kibali kwa jina langu."

Gobole likalala kituo cha polisi Kilosa miezi mingi, nami nikienda na kurudi. Ofisa mmoja aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia mume sina, shamba ninalo. Mwishowe nilipewa.

Sasa, baba alikuwa anapima baruti kwa kiganja. Anachota, anakadiria kwa jicho, anamimina mtutuni. Leo gololi inaanguka karibu, kesho bunduki inampiga teke la bega. Alikuwa akisema gobole lile lina wazimu. Sikuamini. Niliazima mizani ndogo ya sonara wa Magomeni ya hapo Kilosa, nikachota kiganja kimoja kimoja na kupima. Hakuna viwili vilivyolingana.

Nikakata kipande cha mwanzi kiwe kipimo, nikijaza na kusawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Bado uzito ukawa unayumba. Siku tatu nzima nilijikasirikia, hadi nilipogundua kwamba mara nyingine nilikuwa naugonga mwanzi mezani bila kujua, baruti inashuka, na nyingine inapata nafasi. Nikaacha kugonga. Kisha nikachora alama kwenye ufito wa kushindilia, ili kila mara uzame pale pale.

Baba mdogo alikuja kuniona na baiskeli yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia siku hizi unapima baruti kama dawa ya mtoto."

Nikaegemeza boksi kwenye kichuguu, nikamwomba apime mara tatu kwa kiganja chake. Nikafyatua mwenyewe. Moja iligusa ukingo wa boksi, mbili zikala vumbi. Nikashika mwanzi wangu, nikafyatua tatu nyingine. Matundu yake kisahani cha chai kingeyafunika yote.

"Bahati," akasema.

"Basi tupige tatu nyingine."

"Kwa hasira hizo utakosa."

Ni kweli, hasira nilikuwa nazo. Nilipima vilevile, nikashindilia hadi kwenye alama, nikapiga. Zote tatu zikaingia palepale. Alilitazama boksi, akapanda baiskeli bila kuaga.

Hakuacha kunisema. Hata kwenye msiba wa jirani aliwahi kutangaza kwamba nimeaibisha ukoo. Nami sikulirudisha gobole kituoni.

Msimu uliopita nguruwe waliingia shambani kwake, wakafukua nusu ya mahindi. Alimtuma mkewe aje kuniita. Nilikwenda alfajiri, nikamkuta amesimama kwenye mpaka wa shamba, kanzu imelowa umande.

"Umepima?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Sipigi bila kupima, baba."

Dume kubwa lilitoka kwenye mabua. Nikalipiga mara moja, likalala; wenzake wakatimua mbio. Nyumbani kwetu hatuli nguruwe, kwa hiyo jirani yetu Mkristo alikuja na toroli kulichukua. Baba mdogo alimsaidia kulipakia, akisukuma kwa mguu tu, bila kunitazama. Nikasafisha mtutu, nikarudi kwangu kupalilia.