Kastabini kwenye Sinia

Wifi yangu si mtu wa maneno. Akikasirika, cherehani yake hunguruma utadhani inamjibu mtu.

Karakana yetu ya sare za shule ni ya wanawake tisa, na tangu mwanzo haikuwa na bosi. Aliyeshika funguo wiki hii ndiye mkubwa. Wiki ikiisha anamkabidhi mwenzake, anarudi kushona. Jambo zito tulilipigia kura kwa kastabini tunazovaa vidoleni. Anayekubali huweka yake kwenye sinia. Akighairi, huja kuichukua.

Oda zilipoongezeka, tukaambiwa karakana kubwa haiendeshwi kwa kupokezana funguo. Inataka meneja, na chini yake msimamizi. Tukaweka kastabini zetu. Wifi aliweka mwisho, maana zamu yake ndiyo iliyokuwa inafuata. Meneja akaja, funguo akazitia mfukoni, na lile sinia akaliweka mezani kwake kama pambo. Sisi tukashona vidole vitupu.

Mtoto wa wifi bado mchanga. Zamani akilia kwenye kapu la vitambaa, mama anainuka tu. Safari hii wifi ilibidi amwombe msimamizi, shoga yetu, mmoja wa sisi tisa, tuliyekula naye sahani moja. Akajibiwa kwamba ruhusa hutoka kwa meneja, na meneja yuko kwenye simu, asisumbuliwe. Mtoto akalia hadi sauti ikamkauka. Maziwa yakalowesha blauzi ya mama yake.

"Shoga, kweli wewe unaona sawa?" nikamuuliza msimamizi.

"Mimi siamui, shoga. Nafikisha tu."

Hapo damu ikanichemka. Chumba kizima cha wanawake, wote tumezaa, na hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kumwambia mama, nyonyesha mwanao.

Wifi akambeba mtoto, akampa titi, akausukuma mlango wa meneja kwa bega. Nilimwona akipekua sinia. Meneja, simu sikioni, akamwambia aache mapambo yake.

"Si pambo, baba. Ni kura yangu. Naiondoa."

Nikainuka. Nyuma yangu viti vikakwaruza sakafu, kimoja baada ya kingine, na kila mmoja wetu akaingia kuchukua kastabini yake. Meneja akamwamuru msimamizi aturudishe kazini. Shoga akaingia, akatutazama, kisha akachukua kastabini iliyobaki. Ilikuwa yake.

"Na funguo, baba," wifi akasema, mtoto bado ananyonya. "Hii zamu ni yangu."