Rubani Mwenye Uso Wangu

Hata leo, chupa ya rangi ya kucha ikifunguliwa karibu nami, najikuta nimerudi Mafubira, pembeni ya mji wa Jinja, kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yetu, baba yangu akiwa ameinamia mtu wa plastiki asiyezidi pingili ya kidole. Watu wengine harufu ile huwakumbusha arusi. Mimi hunikumbusha ugomvi, na sioni haya kuwaambia kwamba niliufurahia.

Baba alikuwa fundi wa cherehani. Kabla ya hapo alifanya kazi gani, hakusema, nasi hatukuuliza. Sisi ni Wanubi, watu waliohesabiwa wote kuwa askari wa ile serikali ya kijeshi iliyoangushwa, na katika miaka ile ya tisini watoto wa Kinubi pale Jinja tulijifunza mapema kwamba maswali mengine hayaulizwi. Siku moja mwalimu mgeni aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao alimpa Baba boksi, shukrani kwa cherehani aliyomtengenezea mkewe. Ndani mlikuwa na ndege ya vita ya kuunganisha, vipande vyote vikining'inia kwenye vijiti vya plastiki kama matunda mabichi.

Nilitaka tuanze na mabawa. Baba akakataa, akamchagua rubani.

"Ukimweka mwisho utamharakisha," alisema. "Na mtu haharakishwi."

Basi tukamkata kwa wembe, tukamgandisha mikono, tukamsugua mishono kwa msasa. Brashi yetu ilikuwa nywele tatu zilizofungwa kwenye njiti ya kiberiti. Rangi za kopo hatukuwa nazo, kwa hiyo nikachukua rangi za kucha za Mama, nyekundu, nyeusi na ile ya dhahabu. Macho ya kwanza yalitoka kama ya mtu aliyekanyaga nyoka. Nilipoyafuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, dawa ikala plastiki, ikamwachia rubani kovu shavuni.

Kwenye picha ya boksi uso wake ulikuwa wa waridi. Nilichanganya rangi zangu mpaka nikapata hudhurungi ya mkono wangu mwenyewe, kisha nikambandika chini ya kofia nyuzi mbili nyeusi, zikawa misuko. Baba alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Mimi."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alishika kile kiti kidogo, akanionyesha jinsi mikanda inavyopita mabegani, wapi inakutana, na wapi rubani anaweka mguu wa kushoto. Karatasi ya maelekezo haikuwa na habari hizo.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Mbale kusoma, nikakaa kwa shangazi yangu Zamzam, chini ya mlima wa Wanale. Ndege nilikwenda nayo. Shule ilipotangaza maonyesho ya kazi za mikono, niliipeleka nikiwa na uhakika kwamba vikapu na mifagio ya wenzangu havitaiweza.

Mwalimu mkuu aliiinua hadi usawa wa miwani yake.

"Rubani wa ndege hii si Mwafrika," alisema. "Na si msichana. Tazama boksi. Mpake upya, ama haipandi mezani."

"Sitampaka, mwalimu."

Nilichapwa viboko viwili vya mkononi, na rubani akabaki vilevile.

Shangazi aliposikia alishika kichwa. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Sisi hapa macho ya watu yako juu yetu."

"Sitaubusu," nilisema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kiburi cha jogoo.

Siku ya maonyesho, Jumamosi, meza zilipangwa ukumbini. Mimi nilisimama nje, kwenye ngazi za mlango, ndege mkononi, mahali ambapo kila mzazi angelazimika kunipita. Watoto wakajaa. Mwalimu mkuu akatoka kuwatawanya, na wakati huohuo Baba akaingia getini, ametoka kwenye basi la Jinja, shati limelowa jasho.

Nilimweleza mbele ya wote. Mwalimu mkuu alimpima kwa macho, akasikia Kiswahili chetu, lugha ambayo kwao ilikuwa ya askari, akatabasamu.

"Afande," alisema. Baba hakuwa amevaa hata kofia. Kwa Mbale ya siku zile, neno hilo lilitosha kumkumbusha mtu bunduki zote za zamani. "Afande, mfundishe mtoto kutii."

Baba aliichukua ndege kutoka mkononi mwangu, polepole.

"Mimi nilikuwa fundi wa ndege katika jeshi lile," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Miaka tisa. Marubani niliwafunga mikanda kwa mikono hii. Walikuwa weusi, mwalimu. Wote weusi. Mwanamke sikumwona. Huyu ndiye wa kwanza."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazazi wawili watatu waliwavuta watoto wao. Mwalimu mkuu akarudi ndani, nasi tukabaki pale kwenye ngazi, Baba na mimi, mpaka maonyesho yakaisha. Mezani hatukupanda.

Nilirudi kwa shangazi nikirukaruka. Niliona tumeshinda, hata walipoanza kuniita mtoto wa askari, hata niliposikia kwamba kule Mafubira wateja wengine walikuja kuchukua cherehani zao kabla hazijatengenezwa.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa siku ile. Mimi nilikuwa nikipigania uso wangu, na kuupigania kulikuwa kwepesi, kwa sababu sikuwa na cha kupoteza ila viboko viwili. Baba alikuwa na ukimya wake, aliojijengea tangu serikali ile ianguke, ukimya uliotulisha na kutulinda sote. Aliuvunja mchana kweupe, mbele ya watu asiowajua. Niliwahi kumuuliza, nikiwa mtu mzima, kama alijuta kuuvunja.

"Nilijuta kuchelewa," alisema.