Bonde Alilolionyesha Lorna Skaar

Kwa miaka kumi na mmoja Lorna Skaar aliongoza wageni milimani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumrudisha mgeni mjini bila kumwonyesha dubu. Wenzake pale Harlan Fork, kamji kadogo kalichobanwa kati ya mto na milima ya Montana, walimtania kwamba anawafuga nyumbani kwake na kuwafungulia asubuhi. Alicheka nao, lakini moyoni alizipenda sifa hizo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa ameanza kazi hiyo akiwa na miaka karibu arobaini, ametoka kuachika, na tangu ujana wake alikuwa akikaanga mayai katika jiko la mkahawa wa watu. Mtu wa namna hiyo sifa ikimjia huipokea kwa mikono miwili.

Aliyemtoa jikoni ni mzee Orrin Haugen, mwongozaji mkongwe kuliko wote pale mjini, aliyekuwa akija mkahawani kila asubuhi kabla ya kuwachukua wageni wake.

"Wewe macho yako yako dirishani kuliko kwenye kikaango," alimwambia siku moja. "Wiki hii umeniunguzia mayai mara tatu. Ama nikushtaki kwa tajiri wako, ama nikuchukue mlimani."

Akamchukua. Misimu sita Lorna alitembea nyuma ya yule mzee, akijifunza kusoma kinyesi na nyayo, kunusa mahali kulungu walipolala, na kutofautisha dubu na kisiki kwa umbali wa maili nzima.

"Kisiki hakitembei," Orrin alikuwa akimwambia, "lakini ukikitazama kwa hamu sana, kitatembea. Kwa hiyo punguza hamu."

Nyonga ya Orrin ilipomshinda na akaamua kupumzika, alimpeleka Lorna mahali pamoja ambapo hakuwa amempeleka bado. Waliacha barabara pasipo na kibao wala alama, wakapita katikati ya misonobari kwa nusu saa, wakavuka kijito, wakatokea kwenye bonde dogo lililojaa vichaka vya matunda pori. Juu yake kilisimama kilele kilichovunjika ncha kama jino bovu. Dubu majike, Orrin alimweleza, huleta watoto wao hapo kwa sababu chakula ni tele na madume hayafiki.

"Miaka arobaini nimekuja hapa, na sijaleta mgeni hata mmoja. Hapa ni pa kuja peke yako. Usije na mteja, usije na mpenzi, usije na askofu."

"Na nikija na wewe?"

"Kwa nyonga hii? Labda unibebe mgongoni."

Lorna akaahidi, na kwa miaka mitano ahadi yake ilikuwa nzima.

Julai ya mwaka wa sita akaja Clifford Manske. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Nebraska, mjane wa miaka sabini na minane, na alifuatana na binti yake Tess. Walikuwa wamekodi gari na mwongozaji kwa siku nzima, wao wawili tu, bila kuchanganywa na kundi. Lorna aliwakuta mbele ya nyumba ya wageni saa kumi na moja alfajiri, mzee amevaa koti jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya bei chini ya kwapa.

"Macho yangu yanakwenda," mzee alimwambia mara tu gari lilipoondoka, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Daktari anasema kufika Krismasi nitabaki na mwanga na giza basi. Nikajisemea, kabla duka halijafungwa, ngoja niingie ninunue kitu kizuri."

"Kitu gani, mzee?"

"Dubu. Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto habari zake kitabuni. Sijawahi kumwona mmoja nje ya kizimba."

"Leo utamwona," Lorna akasema, na hakusema kwa kubahatisha.

Siku ilianza vizuri. Waliona kulungu wakubwa wakinywa mtoni na mvuke ukiwatoka puani. Waliona maporomoko yakiwa na upinde wa mvua chini yake. Waliona mbuzi wa milimani, weupe kama theluji, wakipandisha watoto wao kwenye jabali ambalo mtu angelitazama akashikwa kizunguzungu. Kila mara Lorna alisimamisha darubini yake kubwa ya miguu mitatu, akamshika mzee bega na kumweka sawa, naye mzee aliuliza rangi ya kila kitu kama anayejaza daftari.

Lakini dubu hakuonekana. Joto lilikuwa kali tangu saa tatu, na wanyama walikuwa wamejichimbia kivulini. Lorna alizunguka kote alikozoea, pale penye mteremko ulioungua moto, pale penye daraja la zamani, pale penye kinamasi. Hakuna. Saa nane mchana walikaa kwenye gogo wakala mikate yenye nyama baridi.

"Baba, si tumeona mbuzi," Tess akasema.

"Mbuzi hata Nebraska wapo."

"Wa milimani?"

"Mbuzi ni mbuzi, mwanangu. Hawa wamehamia ghorofani tu."

Wakacheka. Kisha mzee akamgeukia Lorna, akimtafuta kwa pembe ya jicho, maana katikati alikuwa haoni tena. "Usihangaike, binti. Umetufanyia vya kutosha. Imekuwa siku njema."

Msamaha huo ulimchoma Lorna kuliko lawama. Alimwonea mzee huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Lakini baadaye, alipojihoji, alijua kwamba ndani ya huruma ile kulikuwa na jambo jingine: aliisikia sauti ya wenzake mkahawani wakisema, haya, hata Lorna amekosa. Akafunga chupa ya kahawa, akasimama.

"Mzee, unaweza kutembea nusu saa?"

"Nikishikwa mkono, hata saa nzima."

Walimshika mkono huku na huku, wakavuka kijito polepole, Lorna akapima upepo na kuona unawapiga usoni. Walipochungulia kati ya miti, dubu alikuwepo. Jike kubwa la rangi ya udongo mwekundu, limekaa kitako kama mama aliyekaa sokoni, likivuta matawi na kuyapukutisha matunda mdomoni. Watoto wake walikuwa watatu. Wawili walifanana na mama yao. Wa tatu alikuwa mweupe wa rangi ya uji.

Lorna alimwelekeza mzee kwenye darubini. Clifford alitulia muda mrefu, akigeuza kichwa kidogo kidogo mpaka akapata ile sehemu ya jicho iliyobaki hai.

"Yule mweupe," alinong'ona, "anamvuta mwenziwe sikio." Kisha: "Mama yao amempiga kibao! Tess, umeona? Kibao hasa!" Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta, kwa kuogopa kuondoa jicho pale.

Tess alikuwa amesimama hatua mbili pembeni, simu juu, anapiga video. Lorna alitazama kioo cha ile simu. Dubu walikuwemo, baba mtu alikuwemo, na juu yao, kamili kabisa, kile kilele chenye jino bovu.

Tess akamwona anatazama. "Nitaandika kwamba ni wewe uliyetuleta," alimnong'oneza. "Watu wakujue, dada. Huyu baba yangu hajafurahi hivi tangu tumzike mama."

Lorna alifungua mdomo. Alichotaka kusema alikuwa nacho, kimekaa tayari ulimini. Kisha akasema, "Usisogee zaidi ya hapo."

Basi.

Siku nne baadaye video ya mwalimu anayepofuka akilia mbele ya watoto wa dubu ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wote wa Montana. Chini yake mtu mmoja akaandika: hilo jino nalijua, mwaka juzi nimepanda upande wake wa pili. Mwingine akaeleza njia. Wiki ile Lorna alihesabu magari sita yameegeshwa pale pasipo na kibao. Wiki iliyofuata hakuhesabu tena.

Mkahawani walimpokea kwa shangwe. "Nyota wetu huyo! Tupe na sisi saini!" Simu yake ililia mchana kutwa, watu wakitaka kupelekwa palepale. Hao aliwakataa wote, na akajipa moyo kwamba kuwakatalia kunatosha. Lakini alijua hakutoshi. Ofisi ya hifadhi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwake. Angeingia tu na kusema kuna jike lenye watoto pale, askari wangeifunga njia mpaka majani yaanguke. Ilikuwa desturi yao. Ila wangemuuliza, nani alianza kupeleka wageni? Mara mbili alifika mpaka mlangoni. Mara ya pili alikuwa ameshashika kitasa. Akageuka, akajiambia matunda yakiisha na watu wataondoka wenyewe.

Agosti mtu alitupa mkate wenye siagi ya karanga vichakani ili dubu asogee apigwe picha nzuri. Kesho yake wakatupa wengine. Jike lile likajifunza upesi kwamba begi la mgongoni lina chakula, na binadamu halina haja ya kumwogopa. Septemba likashuka na watoto wake mpaka kambini, likapasua hema ambalo mtu na mkewe walikuwa ndani yake. Hawakuumia. Lakini dubu akishafika hapo hakuna tena mjadala, na asubuhi yake askari walilipiga risasi. Watoto wawili walinaswa wakapelekwa bustani ya wanyama jimbo jingine. Yule mweupe hakupatikana. Mtoto wa dubu wa miezi minane, peke yake, theluji inakaribia: pale mjini hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Siku hiyo ndipo Lorna alipokwenda kwa Orrin. Mzee aliishi peke yake katika nyumba ya magurudumu mwisho wa mji.

"Ingia. Vua viatu, hiyo sakafu nimeipiga deki mwenyewe kwa nyonga ya bandia."

Lorna alisimama pale mlangoni na soksi. "Mzee Orrin, lile bonde..."

"Najua."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nesi anayenitazama hii nyonga alinionyesha kwenye simu yake, Julai. Anachekelea, 'Mzee, tazama vitoto hivi!' Nikaliona jino. Nikamwambia kweli, ni vizuri sana. Nikarudi hapa nikakaa, nikakungoja."

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Kwa nini hukuja?"

Orrin alihangaika na kiti mpaka akakaa.

"Mkuu wa askari wale nimemfundisha mimi kupanda farasi. Ningeinua simu hii hapa, njia ingefungwa kabla ya chakula cha mchana. Sikuinua. Nilitaka lile neno litoke kinywani mwako kwanza. Kiburi cha mzee. Kwa hiyo kuna langu na kuna lako, Lorna. Langu usinibebee, na lako sikubebei."

Alimmiminia kahawa. Waliinywa mpaka ikaisha. Hakumfukuza, wala hakumwambia arudi kesho, na Lorna, aliyekuwa akiingia nyumba ile bila hodi, hakujua tena arudi lini. Walisalimiana dukani, wakaulizana hali ya nyonga. Orrin alifariki majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Lorna alikuwa mmoja wa watu sita waliobeba jeneza.

Lakini kabla ya hapo, wiki moja kabla ya Krismasi, Clifford Manske alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ileile, changamfu.

"Duka limefungwa, binti! Ila nilishanunua. Haya niambie, watoto wangu hawajambo? Yule mweupe bado mtundu?"

Lorna alikuwa amekwisha kwenda ofisi ya hifadhi mwezi Oktoba, akaeleza yote mwanzo mpaka mwisho, naye aliona kwamba siku za kunyamaza zimepita. Akamwambia. Alimwambia juu ya magari, mikate, hema, na risasi.

Clifford alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na mweupe?"

"Hakupatikana, mzee."

"Mimi nimebaki na picha chache kichwani," Clifford akasema taratibu. "Ya mke wangu imeanza kufifia, hata pua yake siipati vizuri. Hiyo ya dubu ilikuwa safi. Nikikaa hapa kitini naifungua, wanacheza." Akavuta pumzi. "Ukweli ni jambo jema, nimewafundisha watoto hivyo. Lakini ungeniuliza kwanza kama nauhitaji."

"Nisamehe, mwalimu."

"Krismasi njema, binti."

Tess akachukua simu. Alikuwa analia. Alisema video aliifuta Agosti, mtu alipomwandikia kuhusu ile mikate, lakini wakati huo ilikuwa imeshanakiliwa mara elfu. "Sisi ni watu wa tambarare, dada, mlima tungeujuaje? Ungenikataza siku ile, ningeizima palepale."

"Najua," Lorna akasema.

Hakuacha kazi. Alifikiri kuacha, hata akaulizia nafasi jikoni, lakini hakuna kitu kingine alichokijua vizuri. Siku hizi, kabla gari halijaondoka, huwaomba wageni simu zao na kuwaonyesha namna ya kuzima kile kinachoandika mahali picha ilipopigwa. Huwapeleka kwenye barabara zinazojulikana, na wanyama wasipotokea, hurudi nao mjini saa ileile waliyokubaliana. Msimu uliopita familia moja kutoka Texas ilimwandikia mtandaoni: mwongozaji mkimya, milima mizuri, dubu hatukuona, nyota mbili. Lorna aliyasoma maneno hayo mara mbili, akaweka simu mezani, akatoka kwenda kuosha vioo vya gari kwa ajili ya wageni wa kesho.