Kitambaa Kilichowaka Kihesa

Dada yangu Subira, mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja Iringa, alinipigia simu: "Njoo uione leza yangu kabla hawajaiuza kama chuma chakavu." Bodi ya chuo ingeamua siku mbili baadaye. Ndiyo sababu nikapanda basi kutoka Mbeya.

Saa tatu asubuhi, karibu na Rujewa, mpunga ulikuwa umezama majini na ng'ombe walisimama juu ya mawingu yaliyoakisiwa humo. Mafinga, ukungu ulifuta msonobari mmoja baada ya mwingine.

Saa tisa alasiri nilifika Kihesa, mtaa wa Iringa chuo kilipo. Fundi Kalinga, msaidizi wa dada, alifungua mlango.

"Kamwene," nilimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwandishi. Umekuja kutuandika au kutuzika?"

Dada alinieleza: elektroni hurushwa kwa kasi, hupenya bamba jembamba la chuma na kuingia kwenye gesi; gesi hutoa mwanga ambao jicho halioni. Kwa hiyo mbele ya mashine alitundika kitambaa cheupe cha kwaya. Sabuni ya unga iliyobaki ndani yake ndiyo huwaka ikipigwa na mwanga huo.

Tulizima taa, tukajificha nyuma ya ukuta mnene unaozuia mionzi, tukitazama kwenye skrini. Ukatoka mlio mkavu. Kitambaa kikawaka samawati, hakuna kilichokigusa, kikazimika. Nilihisi kama mtu amepita humo.

Mara ya pili kiliwaka kidogo. Mara ya tatu, mlio tu.

"Gesi imechafuka," dada alisema. "Kalinga, kwenye pampu ya kuvuta hewa umeweka mafuta gani?"

"Yake yaliisha, mwalimu. Nikaweka ya alizeti. Safi kabisa, tumekamua wenyewe nyumbani."

"Ulitaka kuikaanga?"

Kalinga hakucheka. "Tujaze gesi mpya. Kesho ubonyeze mara moja tu. Watauona mwanga, wataondoka."

Dada alikitazama kile kitambaa, kisha akafungua mtungi wa gesi.

Asubuhi bodi ilikuja. Dada alibonyeza, kikawaka, wakapiga makofi. Kalinga alishika mlango ili watoke. Dada akabonyeza tena, na tena, mpaka kitambaa kikaacha kuwaka na makofi yakaisha.

"Imekufa?" mwenyekiti aliuliza.

"Imechafuka. Mafuta ya kupikia yameingia kwenye pampu, nami sikukagua."

"Rudia."

Dada akabonyeza; mlio ukapasua giza. Kitambaa hakikuwaka; kilining'inia kama mtu asiye na uso. Tulikisubiri, sote, kwa hofu.

"Mwezi mmoja wa kuitengeneza," mwenyekiti alisema hatimaye. "Na alizeti irudi jikoni."

Jioni nilirejea Mbeya. Nilikwenda kutafuta mwanga wa kuuandika, nikajifunza kuuliza: na mara ya tatu, unawaka?