Kitambi Kilichosingiziwa Sufuria

Suruali ya sare ilikuwa juu ya cherehani, imefumuliwa nyuma, na fundi, mke wa mwenye suruali, hakuwa na la kufanya. Kitambaa cha akiba alichokiacha ndani ya mshono kilikuwa kimekwisha chote. Miaka kumi na tisa ya ndoa amempima mumewe kiuno kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka huu peke yake amempanulia mara tatu.

Mume alikuwa fundi wa umeme, wale wa kupanda nguzo. Mkanda wa kupandia una kikomo chake: kilo mia moja. Mwezi uliopita mizani ya kazini ilisoma mia na tatu, akapewa mwezi mmoja apungue, la sivyo atabaki chini akikunja nyaya huku wenzake wakimzomea kutoka juu. Mke akajifunga kibwebwe. Mafuta akapunguza, wali akaukata nusu, jioni ikawa mboga za majani na kipande cha samaki. Naye akala hivyohivyo, ili mwenzake asijione mkiwa mezani. Aliyepungua ni yeye, hadi gauni lake la ibada likawa linamteleza mabegani. Mume amepimwa tena asubuhi hii: mia na tano.

Sasa mume alikuwa amekaa kwenye kochi pamoja na dada yake, aliyefika amefura.

"Wifi, unamlisha nini kaka yangu? Maana huko kazini wote wanajua. Kawaambia mwenyewe, mke wangu ana mkono wa mafuta."

Fundi akamtazama mumewe. Mume akatazama viatu vyake.

"Umewaambia hivyo, baba watoto?"

"Ulikuwa utani tu, mke wangu."

Utani! Mtu unapima mafuta kwa kijiko, unalala na njaa kwa ajili ya mapenzi, halafu jina lako linapandishwa nguzo hadi nguzo kama mwanamke asiyejua kupika. Akamwomba Mungu amtunzie ulimi, lakini miguu hakuiombea, ikampeleka jikoni. Akarudi na sahani ndogo nne za wali wa mchana, akampangia mumewe mezani.

"Kula."

"Zote? Si nimeambiwa nipungue?"

"Hizi ni bia zako za jioni moja. Chupa kubwa nne. Muuguzi wa kazini alituambia leo asubuhi tukiwa benchi moja: chupa kubwa ya bia haipishani sana na sahani ndogo ya wali. Mwili unaanza kushughulika na pombe, chakula kinasubiri, na mafuta yake yanakwenda kuwekwa tumboni. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa!"

Wifi akacheka. "Bia ni maji, wifi! Mtu anakwenda msalani, yamekwisha."

"Maji yamekwisha, sawa. Hicho kiuno ninachokipima mimi kimejaa nini? Na nyama mnazotafuna huko baa, kwa sababu pombe inachokoza njaa, nazo nimezipika mimi?"

Wifi akamgeukia kaka yake. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Kwani unakunywa nne? Kila siku?"

"Siku nyingine tatu..."

"Jumamosi sita," akasema mke. "Halafu anarudi anasukuma sahani, eti leo sili, najipunguza! Chakula changu ndicho anachojinyima, bia hajinyimi. Umenivunjia jina kwa watu, baba watoto. Lirudishe kwa watu haohao. Sasa hivi."

Mume akajikuna shingo. Alipoona hakuna wa kumtetea, akachukua simu, akampigia msimamizi wake na kuweka sauti ya nje.

"Bosi, ile habari ya mke wangu na mafuta... si yeye. Ni bia zangu."

Simu ikaangua kicheko. "Hilo tunalijua sote siku nyingi, bwana! Tulikuwa tunakungoja wewe ulijue."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Mke hakucheka. Akaisogelea simu.

"Mlijua wote, shemeji? Mlijua, mkaniacha nile majani mwezi mzima?"